Nasaba ya Mbegha na Ukimya wa Waliompokea

Koo zilizopata kutawala aghalabu hujitafutia asili ya mbali. Koo za Ireland zilinasibishwa na Míl wa Hispania. Watawala wa Kilwa walijinasibisha na Shirazi. Huko Usambara, Wakilindi waliotawala kutoka Vugha walijinasibisha na Mbegha, mwindaji aliyetoka milima ya Ungulu.

Kisakale hicho kinafahamika zaidi kupitia Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, iliyohaririwa na J.W.T. Allen mwaka 1962. Mbegha aliota meno ya juu kwanza, akahesabiwa kigego. Jamaa zake wakamnyima urithi na kumfukuza. Akafika Usambara na mbwa wake, akawaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia wenyeji nyama, nao wakampa vyakula vya shambani. Alipoua simba, wakamtawaza.

Wapo wanaoisoma habari hii kama historia kamili, na wapo wanaoitupa kama hekaya tupu. Kwa maoni yetu, pande zote mbili zinakosea. Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1974, alikwisha kuonyesha kuwa nyama na vyakula vya shambani, mwitu na makazi, ni lugha ya kuelezea mamlaka.

Isimu nayo ina la kusema. Kishambaa, Kibondei, Kizigua na Kingulu ni lugha za kundi moja, Seuta. Basi mgeni huyu hakutoka ng'ambo. Alitoka kwa jirani ambaye lugha yake ni ndugu. Ushahidi huo hauthibitishi kwamba Mbegha aliishi, lakini unadokeza kuwa ugeni wake ni wa kisiasa zaidi: asiye na ukoo mahali ndiye awezaye kuamua baina ya koo zote.

Tatizo ni ukimya. Kisakale cha mtawala huwageuza waliompokea kuwa umati usio na jina. Koo za Washambaa zilizomtangulia zina masimulizi yao. Vivyo hivyo Wambugu, ambao msamiati wao usio wa Kibantu umewashughulisha sana wanaisimu. Uchifu ulifutwa kisheria mwaka 1963, ila simulizi la Wakilindi bado linatawala vitabuni kwa sababu ndilo lililowahi kuandikwa.

Ni wajibu wa idara zetu, basi, kuyakusanya masimulizi hayo mengine kwa Kishambaa na Kimbugu chenyewe, na kuyasomesha sambamba na Habari za Wakilindi. Mzee afapo kabla hajaulizwa, hakuna mhariri atakayeyafufua maneno yake.