Tupewe Saa Zilizokufa



Wako wenzetu mabwenini wasemao ya kwamba kutoa mashine katika saa ya zamani ni kazi ya bisibisi na moyo tu. Sikubaliani nao, nami nina sababu: saa ya mkono aliyonipa babu, ya kutia ufunguo, niliiharibu mwenyewe muhula uliopita.

Mfuniko wa nyuma ulifunguka bila taabu. Mashine haikutoka, maana huzuiwa na kile kijiti cha chuma kipitacho ubavuni mwa kasha, chenye kichwa cha kutilia ufunguo. Katika saa kama ile, ili kijiti kichomoke, skrubu moja ndogo iliyo karibu nacho yapasa ilegezwe. Ilegezwe, sisemi itolewe! Mzunguko mmoja au miwili yatosha. Mimi niliizungusha mpaka mwisho, na kijichuma kinachoshikwa na skrubu hiyo kikaanguka upande wa pili, chini ya uso wa saa. Hakiwezi kurudishwa mpaka akrabu na uso viondolewe, kazi ambayo mkono wangu hauiwezi. Skrubu yenyewe ni ndogo kuliko punje ya mtama, na ilinichukua usiku mzima kujua kosa langu.

Tena si saa zote hutolewa mashine kwa nyuma. Ziko ambazo kasha lake halina mfuniko. Hizo mashine hutoka mbele, baada ya kung'oa kioo, na anayechokora nyuma hulikwaruza kasha bure.

Jambo moja nalikataza kabisa. Baadhi ya saa zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1960 zilipakwa radiamu kwenye namba ili zing'ae gizani. Mng'ao umekwisha, lakini radiamu ingalipo, kwani huchukua miaka 1,600 hivi kupungua nusu yake. Vumbi lake likivutwa puani ni hatari. Saa hizo mwanafunzi asizifungue.

Najua wako watakaosema basi tukatazwe zote. Hapana, tukikatazwa tutafungua usiku kwa tochi, kama nilivyofanya mimi. Naomba chama chetu cha sayansi kiwaendee mafundi saa wa mjini, kiwaombe saa zilizokufa, zisizo na mwenyewe azingojaye, tujifunze juu yake mchana, mezani, mbele ya mwalimu. Ya babu nimeifunga katika bahasha pamoja na skrubu yake, nitampelekea fundi likizo ijayo. Babu mwenyewe bado sijamwambia.