Kenya na Tanzania: Afya Isigeuzwe Rungu la Biashara



Mimi ni Mtanzania, muuguzi hapa Brussels. Uchumi nawaachia wenyewe. Lakini kuna neno la kazi yangu ambalo serikali zetu mbili zimelifanya rungu la kupigana sokoni. Neno hilo ni afya, na leo nalidai lirudi mahali pake.

Tukumbushane. Mwishoni mwa Oktoba 2017, pale Namanga, Tanzania iliteketeza kwa moto vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya, kwa hoja ya mafua ya ndege. Mei 2020 ikawa zamu ya madereva wa malori. Kila upande ulitilia shaka majibu ya korona ya maabara za mwenzake, na foleni ikarefuka mpakani. Machi 2021 Kenya ikapiga marufuku mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye ikafungua tena kwa masharti. Jamani, sumu gani hiyo inayokuja na kuondoka kwa barua?

Msinielewe vibaya. Sumukuvu inaua. Huharibu ini, na kwa anayeila kidogo kidogo miaka mingi huleta saratani. Mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na jirani zake waliugua watu 317, wakafa 125. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara ziliona msiba wa namna hiyohiyo. Na mahindi yaliyoua yalikuwa hasa ya wakulima wenyewe, yaliyohifadhiwa majumbani yakiwa na unyevu. Kuvu haina uraia.

Wapo watakaosema kila nchi ina haki ya kulinda watu wake. Kweli kabisa. Lakini anayelinda afya hupima kwanza ndipo akazuia, hueleza alichokipata na wapi, na hupima ya kwake kama anavyopima ya jirani. Kiwango cha Afrika Mashariki kipo tayari: sumukuvu isizidi mikrogramu 10 kwa kilo ya mahindi. Kinakosekana nini, kama si nia?

Tena marufuku yenyewe inahatarisha afya. Ukifunga Namanga, mahindi hayaozi yakisubiri wakubwa wapatane. Yanapita njia za panya usiku, ambako hakuna wa kuyapima. Mkulima anayetegemea soko la Kibaigwa anapunjwa na dalali, mama wa Nairobi ananunua unga kwa bei ya juu, na sumu inaingia vilevile.

Huku Ubelgiji nao waliwahi kuaibika. Mwaka 1999 ilibainika kuwa mafuta yenye dioksini yameingia kwenye chakula cha mifugo. Wenzangu kazini wenye umri mkubwa bado wanakumbuka kuku na mayai yalivyoondolewa madukani. Majirani walizuia bidhaa za Ubelgiji, na hilo liliuma. Lakini waziri wa afya na wa kilimo walijiuzulu, serikali ikashindwa uchaguzi mwezi Juni, na mwaka 2000 sheria ikaunda wakala mmoja wa usalama wa chakula, kuanzia shambani hadi mezani. Nchi za Ulaya zilikuwa na mtandao wa kuonyana haraka kuhusu chakula tangu 1979, na baada ya aibu ile wakaimarisha sheria zao. Si kwamba wanapendana sana. Wanagombana kila siku, lakini cheti cha maabara ya jirani wanakiheshimu.

Sisi tuna Jumuiya yenye umoja wa forodha tangu 2005 na soko la pamoja tangu 2010. Basi nadai mambo matatu. Cheti kilichotolewa Arusha kipokewe Nairobi, na cha Nairobi kipokewe Arusha. Anayezuia bidhaa atangaze vipimo vyake hadharani siku hiyohiyo. Na fedha ziende kwenye vikaushio, maghala na vipimo vijijini, kwa sababu sumu huanzia huko.

Wakitaka kulinda wafanyabiashara wao, waseme hivyo waziwazi, tujadili ushuru na bei. Wasijifiche nyuma ya mgonjwa.

Naomba kuwasilisha.