Tashihisi ya Picha Mnato: Uhai au Uzushi?

Mwanafunzi wa fasihi hufunzwa mapema kwamba tashihisi ni tamathali ya kukipa kisicho na uhai sifa za chenye uhai. Aghalabu mifano hutolewa katika ushairi. Hata hivyo, katika mtaa wa Kiganjo mjini Thika, kama ilivyo katika mitaa mingi ya Kenya, tamathali hii sasa hukutana na watu matangani. Jamaa za marehemu humkabidhi mhariri wa video picha chache za zamani. Siku ya mazishi, marehemu huonekana kwenye skrini akiwasogelea waombolezaji, huku nyumba iliyo nyuma yake ikirudi nyuma polepole.

Mbinu hii huitwa paralaksi. Msingi wake unajulikana na kila abiria wa matatu: nguzo za kando ya barabara hupita mbio, ilhali Mlima Kilimambogo kwa mbali huonekana kana kwamba hausogei. Mhariri humkata mtu kutoka pichani, akaigawa mandhari katika matabaka, kisha akaisogeza kamera ya programu. Tabaka la karibu husogea zaidi kuliko la mbali, na jicho hudanganyika likaona kina. Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1937 studio ya Walt Disney ilipiga filamu ya katuni The Old Mill kwa michoro iliyopangwa katika matabaka chini ya kamera.

Tatizo limo katika pengo. Mtu akishakatwa, nyuma yake hubaki tundu ambalo sharti lizibwe. Mhariri hunakili ukuta ulio kando, au siku hizi huiachia akili unde ibuni. Hapo uhariri hugeuka utunzi. Katika picha ya harusi dhara ni dogo. Lakini picha ya Dedan Kimathi akiwa amelazwa, amefungwa pingu baada ya kukamatwa Oktoba 1956, ni ushahidi wa kihistoria. Kumtenga na mahali alipolazwa, na kuziba nafasi yake kwa vitu vya kubuni, ni kuutia ushahidi huo maneno ambayo haukuyasema.

Yamkini wapo watakaodai kwamba hata mpigapicha huchagua cha kuonyesha. Ni kweli, lakini mpigapicha huacha kilichokuwepo. Paralaksi huongeza kisichokuwepo. Isitoshe, msomaji wa shairi anajua kwamba mwezi haucheki, naye hukubali tashihisi hiyo kwa hiari. Mtazamaji wa video hajaombwa ridhaa yoyote.

Kwa hivyo, makala haya hayapendekezi mbinu hii ipigwe marufuku, kwani mfiwa ana haki ya kufarijiwa. Yanapendekeza jambo jepesi: picha asilia ionyeshwe kwanza, nzima na tuli, ndipo isogezwe. Nazo idara za Kiswahili ziisome video kama matini, maana anayetia uhai pichani ni mtunzi, na mtunzi hana budi kuhakikiwa.