Ituri: Ualbino unaojificha machoni, na watoto wanaolaumiwa bule

BUNIA – Kila tarehe 13 Juni dunia inakumbuka watu wenye ualbino. Umoja wa Mataifa uliiweka siku hiyo mwishoni mwa 2014, ikaadhimishwa mara ya kwanza 2015. Mazungumzo ya siku hiyo mara nyingi ni juu ya ngozi: jua kali, kofia, mafuta ya kujikinga na kansa. Ni haki, maana Bunia iko karibu na ikweta, tena juu, zaidi ya mita 1.200, na jua la huku halihurumii mtu. Lakini kuna kiungo kingine ambacho ualbino unakigusa kila mara, na watu wanakisahau: jicho. Na ni jicho ndilo linalofanya mtoto ashindwe masomo.

Ngozi nyeusi, macho yenye ualbino

Ualbino hauko wa aina moja. Ule unaojulikana sana Afrika unagusa ngozi, nywele na macho pamoja. Mara nyingi unatoka kwenye jeni inayoitwa OCA2. Hapo lazima mtoto apokee jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na pia kutoka kwa mama. Wazazi wote wawili wanaweza kuwa na ngozi nyeusi, bila dalili yoyote. Kila mimba yao ina bahati moja kati ya nne ya kuleta mtoto mwenye ualbino.

Aina ya pili ni ualbino wa macho peke yake. Mtoto anafanana na ndugu zake kwa rangi, au anawapita kidogo tu kwa weupe. Shida iko ndani ya jicho. Asili yake ni jeni GPR143, ambayo wataalamu waliitambua mwaka 1995.

Jeni hiyo ni kama maagizo ya kutengeneza protini moja ambayo ni kipokezi: inapokea ujumbe wa kikemikali na kuupitisha. Vipokezi vingi vya jamii yake vinakaa juu ya ngozi ya seli. Hiki kinakaa zaidi ndani, kwenye vifuko vidogo ambamo rangi ya mwili, melanini, inatengenezwa. Kinasaidia kupima ukubwa na hesabu ya vifuko hivyo. Kikikosa kufanya kazi, vifuko vinakuwa vichache na vikubwa kupita kiasi, na jicho halikomai vizuri tangu tumboni mwa mama. Ile sehemu ya nyuma ya jicho inayotusaidia kusoma herufi ndogo inabaki bila kujengeka sawasawa.

Dalili zinaonekana mapema, katika miezi ya kwanza: macho yanachezacheza bila kutulia, mtoto anakimbia mwangaza, anainamisha kichwa upande ili aone. Habari njema ni kwamba hali hiyo kwa kawaida haizidi kuharibika mpaka upofu.

Nani analaumiwa nyumbani?

Jeni GPR143 iko kwenye kromosomu X. Mwanaume ana X moja tu, aliyopewa na mama. Kama ile X ina kasoro, hana nyingine ya kumsaidia. Ndiyo maana wagonjwa karibu wote ni wavulana. Mwanamke ana X mbili. Mara nyingi anaona vizuri, kumbe amebeba. Kila mtoto wake wa kiume ana nusu ya bahati ya kuwa na ualbino wa macho. Baba mwenye hali hiyo hawapitishii wavulana wake, lakini mabinti wake wote wanaibeba.

Hapo inafaa kuwa waangalifu. Kusema jeni imepitia kwa mama si kusema mama ana kosa. Hakuichagua, na mara nyingi hakujua kama anayo. Katika ualbino wa ngozi na macho, baba amechangia sawa na mama. Basi mwanaume anayefukuza bibi yake kwa kusema "huyu mutoto si wangu", au familia inayotafuta mchawi, wanapoteza muda ambao ungemsaidia mtoto. Imani kama hizo zimeua watu: tangu karibu 2007 Tanzania, na halafu Burundi na Malawi, watu wenye ualbino waliuawa kwa ajili ya viungo vyao.

Ubao ulio mbali

Ualbino wa macho ni nadra. Hesabu za Ulaya zinataja karibu mwanaume mmoja kati ya 60.000. Ualbino wa ngozi na macho ni wa kawaida zaidi huku kwetu: Tanzania inakadiriwa mtu mmoja kati ya 1.400. Lakini darasani mambo ni yale yale. Mtoto hasomi kilichoandikwa ubaoni, anaitwa mvivu ao kichwa nguvu. Mwenye ngozi nyeupe angalau mwalimu anaweza kujiuliza. Mwenye ngozi nyeusi hakuna anayejiuliza.

Miwani inasaidia pale ambapo kuna pia shida ya kuona mbali ao karibu, na miwani ya giza inapunguza ukali wa jua. Haimalizi shida yote. Lakini mambo mengine hayaombi hata franga moja: kumkalisha mtoto mbele, mbali na dirisha, kumruhusu asogee ubaoni, kumsomea kwa sauti, kumwachia kofia, kumwongezea dakika za mtihani.

Kongo iko na sheria ya Mei 2022 inayolinda haki za watu wanaoishi na ulemavu. Kuona vibaya kiasi hicho ni ulemavu, hata kama ngozi haionyeshi. Lakini Ituri iko chini ya hali ya kuzingirwa tangu Mei 2021, na mzazi wa Djugu, Irumu ao Mambasa hawezi kila mara kupita njia salama mpaka kwa munganga wa macho. Familia iliyokimbia vita inatafuta kwanza chakula.

Kwa hiyo mlango wa kwanza unabaki kuwa mwalimu na muuguzi wa kituo cha karibu. Mtoto mchanga ambaye macho yake hayatulii aandikiwe barua ya kwenda kwa munganga wa macho, hata kama safari itangoja. Na mwanafunzi anayekaribiza daftari puani asipigwe: aulizwe kwanza kama anaona.