Kabureta nayo inahitaji mapumziko ya maji

Juni 29, 2014, pale Fortaleza, mechi ya Uholanzi na Mexico ilisimamishwa ili wachezaji wanywe maji. Ilikuwa Kombe la Dunia, lakini jua halijali ukubwa wa mashindano.

MGB, gari la michezo la Kiingereza lililotengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980, lina shida hiyohiyo. Likikimbia halina neno. Balaa linaanza likisimama. Limetoka Dar, limepanda vilima vya Kisarawe likinguruma, au limekwama kwenye foleni ya malori Kibaha. Upepo umekata. Kwenye injini yake, ekzosi na kabureta pacha za SU ziko upande mmoja, kabureta juu, ekzosi chini. Joto lote linapanda, petroli inachemka ndani ya kabureta. Stata inalia, gari haliwaki.

Hapo lawama zinaanza. Leo pampu, kesho koili, keshokutwa plagi. Ni sawa na klabu kufukuza makocha watatu msimu mmoja wakati tatizo ni uwanja.

Dawa ni spesa, kipande kinachokaa kati ya kabureta na menifodi ili joto lisipite. MGB lilitoka kiwandani na vipande vya namna hiyo, ila baada ya miaka 50 vingine vimepasuka, na vingine fundi alishavitupa akidhani ni uchafu. Kuchonga kipya cha aluminiamu ni kujifunga bao, maana aluminiamu inapitisha joto kama sufuria. Kinachotakiwa ni bakelaiti, gasketi mpya pande zote mbili, stadi ndefu za kutosha, na boneti ifunge bila kugusa kitu. Ikibaki hata nafasi ndogo, injini inavuta hewa ya pembeni, petroli inakuwa pungufu kwenye mchanganyiko na joto linazidi.

Wapo wanaofunga spesa wakitafuta spidi. Hao wamesajili beki halafu wanamdai mabao.

Mbio za Safari, zilizoanza 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, zilikuwa na sheria moja ngumu kuliko zote: kwanza ufike. Kwa mwenye gari la zamani, sheria hiyo bado ipo. Gari likigoma katikati ya Barabara ya Morogoro, anayekuja nyuma ni lori la mzigo. Refa wa kusimamisha mchezo hayupo.