UCHANGANUZI: Tiba ya unene wa vijana Pumwani imo sufuriani

KWA miaka mingi, utapiamlo katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi ulimaanisha jambo moja tu: mtoto aliyekonda kwa kukosa chakula.

Sura hiyo imebadilika. Pumwani, kama mitaa jirani ya Shauri Moyo na Eastleigh, sasa inakabiliwa na tatizo ambalo familia nyingi hazijazoea kuliita maradhi. Kijana akinenepa, jamaa husema ameshiba na nyumbani kwao mambo ni mazuri.

Takwimu zinasimulia mengine. Utafiti wa serikali wa mwaka wa 2015 ulibaini kuwa asilimia 27 ya Wakenya wa umri wa miaka 18 hadi 69 walikuwa na uzani uliopita kiasi. Miongoni mwa wanawake, kiwango hicho kilikuwa asilimia 38.5. Kufikia 2022, asilimia 45 ya wanawake wa umri wa miaka 20 hadi 49 walikuwa katika hali hiyo, ilhali asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Njaa na unene sasa vinaishi chini ya paa moja.

Tatizo hili huanza mapema. Uchunguzi uliofanyiwa watoto wa Nairobi wa umri wa miaka 9 hadi 11, na kuchapishwa mwaka wa 2014, ulionyesha kuwa takriban mmoja kati ya watano alikuwa na uzani wa kupindukia. Mmoja tu kati ya wanane ndiye aliyetimiza dakika 60 za mazoezi kwa siku zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO).

Je, suluhu ni jimu na vyakula vya bei ghali? La hasha. Huko Los Angeles, Marekani, watafiti waliwafuatilia vijana wanene wenye asili ya Amerika ya Kilatini kwa wiki 16, ambapo baadhi yao walifunzwa lishe bora na wengine wakaongezewa mazoezi ya kuinua vyuma. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2009.

Waliopunguza sukari, kwa kiasi cha mkebe mmoja wa soda kwa siku, miili yao ilitoa insulini pungufu kwa asilimia 33. Walioongeza vyakula vya nyuzinyuzi, kwa kiasi cha nusu kikombe cha maharagwe kwa siku, walipunguza mafuta ya ndani ya tumbo kwa asilimia 10. Mabadiliko yote mawili hupunguza hatari ya kisukari.

Maharagwe si chakula kigeni Pumwani. Githeri, ndengu na mbaazi za nazi vimepikwa Majengo tangu enzi za mababu.

Kikwazo ni muda na moto. Maharagwe huchukua saa kadhaa jikoni, na makaa hugharimu pesa. Mama anayerauka kwenda kuuza nguo Gikomba humwachia mwanawe hela za mandazi asubuhi na chipsi mchana. Kumlaumu mama huyo ni kukwepa kiini cha tatizo.

Ndipo mchango wa serikali unapohitajika. Mpango wa Dishi na Kaunti, ulioanzishwa mwaka wa 2023, ulilenga chekechea na shule za msingi za umma, mzazi akichangia Sh5 kwa mlo. Wanafunzi wa sekondari, ambao umri wao ndio uliochunguzwa Los Angeles, hawakujumuishwa.

Kuhusu mazoezi, vijana wa Pumwani wanahitaji mahali pa kukimbia kuliko mashine za kukimbilia. Uwanja wa Kamukunji ulio karibu hauwezi kutosheleza mitaa yote iliyosongamana kuuzunguka. Wasichana huathirika zaidi, kwani mpira huwa wa wavulana na giza likiingia wazazi huwataka wawe nyumbani.

Samaki mkunje angali mbichi. Mlo wa maharagwe shuleni, kuondolewa kwa soda katika maduka ya shule na saa za uwanjani zilizotengewa wasichana ni hatua zilizo ndani ya uwezo wa kaunti na wakuu wa shule. Zikipuuzwa, gharama itabebwa na familia zizo hizo za Gikomba, kwa kununua dawa za kisukari ambazo mgonjwa huzitumia maisha yake yote.