Tanga Lina Malenga, Mashine Haina

Yapo maombolezo yaliyokwisha kuwa desturi katika visiwa hivi. Kila linapofanyika tamasha, na kila kinapozinduliwa kitabu cha mashairi, hainuki hadhira kabla hajatokea msemaji wa kulililia jahazi. Huelezwa kwamba mashine imeua ubaharia, na kwamba pamoja na tanga imezikwa lugha nzima: foromali, mlingoti, joshi na demani. Makofi hupigwa. Kisha msemaji huyo hupanda boti iendayo kwa dizeli akarudi kwao, wala haulizi ni nani aliyeifanyia sevisi boti hiyo, lini, na kwa spea gani.

Maombolezo hayo yana kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba si ya kweli. Ya pili, nayo ndiyo kubwa, ni kwamba yanahatarisha roho za watu.

Si ya kweli kwa sababu lugha ya bahari haikufa, imehama. Imetoka kwenye foromali ikaingia karakana. Apitaye nyuma ya diko la Malindi mjini Unguja, au Mkokotoni, au Wete, ataisikia ikisemwa na mafundi waliochafuka grisi hadi viwikoni. Rafadha imepinda. Pini imekatika. Mpira wa pampu umenyofoka mbawa. Mashine inamisi, mwaka jana ilinoki, ringi zimekwisha. Huu ni msamiati uliokamilika, wenye majina ya viungo, majina ya maradhi na vitenzi vya tiba, na unanyambulika kwa kanuni zile zile wanazofundishwa watoto skuli: inamisi, ilimisi, haimisi tena.

Walinzi wa usafi watasema kwamba hayo si Kiswahili, ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Basi na waanze kusafisha mapema zaidi. Nahodha na bandari asili yake ni Uajemi. Bendera na bomba vililetwa na Wareno. Rafadha yenyewe, inayosikika safi masikioni mwao, imetoka Uarabuni. Hata meli, neno ambalo hakuna malenga aliyelionea haya, hutajwa kuwa limetokana na jina la Kiingereza la vyombo vilivyochukua barua. Bahari ya Waswahili haikupata kuwa na lugha isiyo na wageni. Spana kosa lake ni moja tu: imefika juzi, na imefika mikononi mwa mtu asiyealikwa kwenye tamasha.

Kama dhara la dharau hiyo lingeishia kwenye kamusi, lingeweza kuvumiliwa. Lakini linafika baharini.

Mashine ya kupachika tezini, hii ya nguvu za farasi kumi na tano au arobaini inayobeba sehemu kubwa ya uvuvi wa leo, haifi ghafla. Huuawa polepole na chumvi, mchanga na mchanganyo mbaya wa oili. Kila irudipo kutoka baharini inataka kuzungushiwa maji matamu ndani, kwa bomba au ndani ya pipa, ili chumvi isigande kwenye njia za kupoozea. Mpira wa pampu, kitu kidogo kinachotosha kiganjani, ndio unaovuta maji ya kuipooza. Ukiliwa na mchanga, ule uzi wa maji unaotoka ubavuni hukonda, kisha hukatika, na dakika chache baadaye pistoni hung'ang'ania ndani ya silinda. Oili ya gia ikitoka nyeupe kama maziwa, maana yake maji yamepenya kwenye sili, na meno ya gia yameanza kuoza. Kipande cha zinki kilichofungwa chini ya mashine kimewekwa hapo makusudi kiliwe na bahari badala ya mashine yenyewe. Ndiyo maana hakipakwi rangi. Lakini wapo wenye vyombo wanaopaka rangi mashine nzima ipendeze, zinki ikiwemo, na tangu siku hiyo bahari huanza kuila mashine.

Hakuna katika hayo lililo siri. Yote yameandikwa kwenye kitabu kinachotoka kiwandani pamoja na mashine. Kitabu hicho, kwa kawaida, kimeandikwa kwa Kiingereza na lugha nyingine za wanunuzi wakubwa. Mvuvi wa Nungwi au wa Kojani hukiona siku ya kufungua sanduku, akakiweka pamoja na karatasi za dhamana, na mambo yakaishia hapo. Humo ndani mna hesabu inayoamua uhai wa mashine. Nyingi kati ya zile za mipigo miwili, zinazochanganyiwa oili katika petroli, hutaka sehemu moja ya oili kwa hamsini za petroli: dumu la lita 20 kwa mililita 400. Mashine mpya, katika saa zake za mwanzo, hutaka oili zaidi. Apunguzaye oili ili kuokoa fedha huikausha pistoni. Azidishaye kwa kuogopa huzijaza plagi masizi, mashine ikazimika katikati ya mkondo. Kati ya makosa hayo mawili ipo sentensi moja iliyoandikwa kwa lugha isiyosomwa na mwenye dumu mkononi.

Na mkondo hausubiri tafsiri. Mkondo wa bahari mbele ya pwani hii huelekea kaskazini mwaka mzima, na kusi inapovuma huzidi kasi. Chombo kilichozimikiwa mashine mashariki ya Unguja hakikai mahali kikangojea msaada. Huchukuliwa kuelekea Pemba, na kikiikosa Pemba huelekea bahari ya Kenya. Ngalawa ya zamani iliyotiwa mashine ilibaki na mlingoti wake, na tanga lilikuwa akiba. Boti ya faiba haina mlingoti, na mara nyingi hata makasia hayamo. Spice Islander I ilipozama Septemba 2011, na Skagit Julai 2012, nchi iliomboleza na tume zikaundwa. Boti ya watu watano ikizimika nje ya miamba haiundiwi tume. Husemwa ni kudura. Kudura haikanushwi na Mwislamu, lakini mpira wa pampu usiobadilishwa kwa miaka mitatu ni uzembe wa mja, na kuubandika jina la Mola ni utovu wa adabu.

Wapo watakaojibu kwamba fundi hahitaji kitabu. Fundi, watasema, hujua kwa sikio. Huweka bisibisi juu ya kichwa cha mashine, akategea mpini, akataja ugonjwa. Jibu hilo lina ukweli, na ni ukweli wa heshima. Elimu ya sikio ni elimu. Lakini wanaolitoa aghalabu hawamsifu fundi, wanajiondolea wajibu. Elimu inayopokezwa kwa mdomo peke yake hupokeza na makosa. Kijana aliyemwona mkuu wake aking'oa themostati kwa hoja kwamba nchi hizi ni za joto, naye ataing'oa, na atawafundisha wenziwe kuing'oa. Na mashine isiyofikia joto lake huchoma mafuta vibaya na kumla mvuvi mfukoni kila siku. Isitoshe, mashine zenyewe zinabadilika. Za mipigo minne zina oili yake ndani na hazichanganyiwi. Mpya zaidi hupimiwa mafuta na kompyuta, na kompyuta haisemi na bisibisi. Fundi mwenye miaka thelathini ya sikio anafanywa mwanafunzi upya, bila ya mwalimu na bila ya kitabu.

Huu ndio wakati ambao viongozi wanahubiri uchumi wa buluu, na boti za faiba zinakopeshwa kwa vikundi vya wavuvi. Ni jambo jema. Lakini kumpa mtu mashine bila ya kumpa maneno ya kuitunza ni kumkopesha deni litakalozama kabla ya kulipwa. Methali ya ufa na ukuta kila mtu anaijua. Kinachokosekana ni mtu wa kuutaja ufa kwa jina lake.

Na hapo ndipo malenga wanapodaiwa. Ushairi wa bahari hii haukuanza na kulia. Ahmad ibn Majid, rubani wa karne ya 15, aliandika mingi ya miongozo yake ya safari kwa beti za Kiarabu, na mmojawapo wa tungo zake unaeleza njia ya pwani ya Afrika Mashariki hadi Sofala. Aliandika kwa vina ili nahodha akumbuke nyota na milango ya bandari usiku, mikono ikiwa kazini. Hakuona kwamba shairi linachafuka likibeba maelekezo. Utenzi wa Kiswahili nao umebeba sala, mirathi na mwenendo wa nyumba. Vipi utashindwa kubeba dumu la lita 20 kwa mililita 400? Anayesema hilo si jambo la ushairi aseme kwanza ni lini ushairi ulikoma kuwafaa watu.

Kinachotakiwa si kikubwa. Kinatakiwa kijitabu cha kurasa ishirini, cha Kiswahili cha karakana, chenye picha, kinachoeleza kusafisha, kuchanganya, kubadilisha na kukagua. Kabla hakijapelekwa BAKIZA au BAKITA kupigwa muhuri, kisomwe kwa sauti mbele ya mafundi wa madiko, na neno watakalolicheka liondolewe. Wanatakiwa wakusanyaji wa maneno waende Malindi na Mkoani na madaftari, kama wengine walivyokwenda kwa mabaharia wa majahazi walipobakia wachache. Tofauti ni kwamba mafundi hawa wapo hai leo, wanasema, na hawana haja ya kuombolezwa.

Jahazi liendelee kuimbwa. Lilistahili, na linastahili. Lakini lugha inayojua majina yote ya kamba za tanga lisilopandishwa, na isiyotaka kujua jina la mpira unaozuia watu watano wasichukuliwe na mkondo, haiihifadhi bahari. Imeipa bahari kisogo.